Panya wa Kusini: rangi inatudanganya, tuangalie fuvu

#1 Mwalimu wa Masasi

Wakuu habari za jioni, na shikamoo kwa wakubwa wote mliomo humu.

Tangu Julai 2022, pale Ruangwa ilipozuka ile homa ya watu kutokwa damu puani, wakaugua watu 20 na kufariki watatu, kisha serikali ikatangaza kuwa ni homa ya mgunda, panya wamekuwa gumzo huku kwetu. Ni haki, kwa sababu bakteria wa ugonjwa ule hukaa kwenye figo za wanyama na kutoka kwa mkojo, na panya ni miongoni mwa wanyama hao. Kinachonisikitisha ni kwamba nikipita Nachingwea, nikipita Newala, nikiteremka mpaka Lindi mjini, watu wanazungumzia panya kana kwamba ni mnyama mmoja. Sumu moja, mtego mmoja, maelezo mamoja. Lakini ghala moja la ufuta na shamba la mihogo linalopakana nalo vinaweza kuwa na spishi nne au tano, kila moja na mwendo wake, chakula chake na maradhi yake. Na baadhi yao wanafanana kwa nje kiasi kwamba hata mtu mzoefu anababaika.

Ninaanzisha uzi huu kuwaomba tujifunze kusoma fuvu. Hauhitaji maabara. Unahitaji kioo cha kukuzia, venia (kifaa cha kubana na kupima kwa milimita), mwanga wa kutosha na subira.

Kwa nini tusitumie rangi? Panya wa nyumbani, Rattus rattus, anaweza kuwa mweusi tii, au kahawia mwenye tumbo la kijivu, au kahawia mwenye tumbo jeupe, na wote wakawa spishi moja. Panya shamba, Mastomys natalensis, akiwa mdogo ni wa kijivu na akikua anageuka kahawia. Ukubwa nao hausemi kweli: mtoto wa panya wa nyumbani ana uzito sawa na panya shamba mzima. Hapo ndipo wengi hukosea, na ni kosa lenye gharama. Panya wa nyumbani hupanda juu, hukaa darini na kwenye kuta. Panya shamba anaishi kwenye mashimo shambani, jike wake anazaa watoto kumi na zaidi kwa mkupuo, na mvua zikianza mapema na kwa wingi anaweza kufurika mpaka mbegu ya mahindi inafukuliwa kabla haijaota. Ukiweka mitego darini kumbe mwenye makosa yuko shambani, umepoteza msimu.

Kwanza hakikisheni mnachokishika ni fuvu la jamii ya panya. Mnyama wa jamii hii ana kato mbili tu juu na mbili chini, zimepinda, kisha linafuata pengo refu lisilo na jino lolote, ndipo magego yaanze. Hana chonge. Kirukanjia hana pengo hilo, meno yake madogo yenye ncha yanafuatana mpaka nyuma, na upinde wa mfupa wa shavu hana kabisa. Sange wa msitu wa Rondo naye si panya, ingawa wawindaji wengi humhesabu humo humo.

Sasa njooni kwenye hao wawili wanaotuchanganya. Ligeuzeni fuvu, kaakaa litazame juu. Kati ya kato na magego mtaona matundu mawili membamba yaliyolala sambamba. Kwa panya wa nyumbani yanaishia karibu na pale gego la kwanza linapoanzia. Kwa panya shamba yanaendelea nyuma, yanaingia kabisa katikati ya magego ya kwanza ya kulia na kushoto. Hii ndiyo alama ninayoiamini kuliko zote kwa hawa wawili, maana haibadiliki kwa rangi wala kwa shibe.

Kisha pimeni safu ya magego ya juu, kutoka mwanzo wa gego la kwanza mpaka mwisho wa la tatu. Panya shamba hucheza karibu na milimita 5. Panya wa nyumbani kwa kawaida huzidi milimita 6. Uzuri wa kipimo hiki ni kwamba kato za panya hukua maisha yake yote, lakini magego yakishatoka hayaongezeki ukubwa, yanalika tu. Kwa hiyo mtoto wa panya wa nyumbani, mradi gego la tatu limetoka, tayari ana safu ndefu ingawa mwili wake bado mdogo. Yule kijana anayefanana na panya shamba mzima anaumbuliwa na meno yake.

Mwisho tazameni juu ya fuvu. Panya wa nyumbani aliyekomaa ana matuta mawili ya mfupa yaliyojitokeza vizuri, yanaanzia juu ya macho na kurudi nyuma. Kwa panya shamba ni hafifu.

Mwenye fuvu, mwenye swali, karibu.

#2 Dada Ufuta

Mwalimu, ahsante sana. Mimi niko Nachingwea, nina ghala dogo. Swali langu ni hili: mafuvu tunayapata wapi? Panya wa mtego wa kubana kichwa chake kinapondeka, na wa sumu anafia asikoonekana.

#3 Mwalimu wa Masasi

Dada, swali zuri na jibu lake liko juu ya paa. Bundi. Yule bundi mweupe wa usoni anayekaa kwenye maghala ya zamani na minara ya makanisa humeza panya mzima, kisha mifupa na manyoya asivyoweza kusaga anavitapika vikiwa bonge moja. Chini ya sehemu anayolala utakuta mabonge mengi. Lowesha kwenye maji ya vuguvugu, chambua polepole kwa kibano, utapata taya na kaakaa zikiwa nzima. Sehemu ya ubongo mara nyingi imevunjika nyuma, lakini alama nilizozitaja zipo mbele.

Ninajua huku kwetu bundi akilia juu ya nyumba watu wanakosa usingizi, na wengine humpiga mawe. Ninawaomba kwa dhati tumwache. Anakula panya kila usiku na kazi yake hailipwi.

Njia ya pili ni jikoni. Wenzetu wanaowinda samaki nchanga, yaani panya wa kuliwa, baada ya mavuno wana vichwa vingi. Waombeni kabla havijapita motoni, maana mfupa uliochomwa unakatika ukiugusa. Chemsheni kwa moto mdogo, nyama ilegee, msiache maji yachemke kwa nguvu kwa sababu maungio ya mifupa yataachia. Magego yakidondoka yarudisheni kwa gundi siku hiyo hiyo, msije mkachanganya la kulia na la kushoto.

#4 Mganga Mifugo

Kabla hamjaendelea, naomba mnisikilize. Panya aliyekufa karibuni hashikwi kwa mkono mtupu. Mkojo na figo ndipo penye hatari ya homa ya mgunda, na bakteria wake huingia kupitia mchubuko mdogo tu au macho. Mwili ukianza kupoa viroboto wanahama kutafuta mwenye damu ya moto, na nchi hii inaujua vizuri ugonjwa wa tauni, Lushoto ni shahidi. Vaeni glavu, mnyama akae kwanza ndani ya mfuko uliofungwa, na sufuria ya mafuvu isirudi jikoni. Mabonge ya bundi nayo yachambueni mkiwa mmeziba pua na mdomo.

Na kusafisha: msitumie dawa ya kufulia yenye klorini. Inaufanya mfupa uwe chokaa. Haidrojeni peroksaidi ya duka la dawa inatosha.

#5 Mzee wa Mikindani

Waalaikum. Sisi tuliokulia pwani tunajua kuna panya mwingine, mnene, mkia mfupi kuliko mwili, anapenda mitaro na majahazi. Huyo si panya wa darini. Fuvu lake mnalijuaje?

#6 Mwalimu wa Masasi

Shikamoo mzee wangu. Huyo unayemwelezea kwa dalili zote ni Rattus norvegicus, panya wa bandarini, ambaye ameenea duniani kwa meli. Na hapa ndipo fuvu linaponoga, kwa sababu yeye na panya wa nyumbani ni jenasi moja, ndugu wa karibu, na ukubwa wao unaingiliana.

Tazama yale matuta mawili juu ya fuvu. Kwa panya wa nyumbani yanatanuka kwenda nje kisha yanarudi ndani, kama mabano. Kwa panya wa bandarini yanakwenda nyuma yakiwa karibu sambamba. Ukiyaona mafuvu mawili ya wakubwa yamewekwa pamoja hutauliza tena. Tahadhari moja tu: kwa watoto matuta hayajajengeka, na mtu anaweza kuona mabano mahali ambapo hapana kitu. Kwa hiyo kwanza angalia maungio ya mifupa ya nyuma na ulikaji wa magego, ujue umri, ndipo uhukumu umbo.

Kama una mnyama mzima jike, hesabu chuchu. Panya wa nyumbani kwa kawaida ana 10, wa bandarini 12, na panya shamba anaweza kufika 24. Nayataja kwa sababu ushahidi wa mwili na wa fuvu ukikubaliana, mtu analala kwa amani.

#7 Kijana wa Nanyumbu

Samahani wakuu, sitaki kuvunja moyo. Zama hizi za DNA, kuna haja gani ya kuhangaika na mifupa? Kata kipande cha mkia, peleka maabara, jibu linarudi.

#8 Mwanafunzi wa Moro

Kaka, naomba nijibu mimi, maana mafuvu ya panya ndiyo ninayoyasomea hapa Morogoro.

DNA hakuna anayeipinga. Lakini kipande cha mkia kina gharama, kinahitaji kuhifadhiwa vizuri, na kutoka Nanyumbu mpaka maabara ni safari. Fuvu la bonge la bundi unalisoma leo leo. Isitoshe, majina ya spishi yamefungwa kwenye vielelezo vya zamani vilivyoko makumbusho, ngozi kavu na fuvu. Wilhelm Peters alimpa jina panya wa miiba Acomys spinosissimus mwaka 1852, kutokana na wanyama wa Msumbiji, ng'ambo tu ya Ruvuma. Ukitaka kujua kundi lipi leo lina haki ya jina hilo, unarudi kwenye kielelezo. Mwaka 2011 Verheyen na wenzake walipochambua kundi hilo kwa vipimo vya fuvu pamoja na DNA, walitoa spishi mbili mpya kutoka Tanzania, Acomys ngurui na Acomys muzei. Kwa macho ya mpita njia wote ni panya wa miiba tu.

Panya buku vilevile. Vitabu vingi vimemwandika Cricetomys gambianus. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2012, wa umbo la fuvu na DNA kwa pamoja, ulionyesha kuwa jina hilo linawahusu wa Afrika Magharibi, na wa kwetu ni Cricetomys ansorgei. Hao ndio wanaofunzwa hapa Morogoro kunusa mabomu, waliosaidia Msumbiji mpaka ikatangazwa mwaka 2015 kuwa imesafishwa mabomu ya ardhini.

Ila nawe una sehemu ya haki. Kuna ndugu ambao fuvu moja peke yake halitoshi. Mastomys natalensis ana kromosomu 32, ndugu yake Mastomys coucha wa kusini mwa Afrika ana 36, na ukiweka mafuvu yao mezani utayaona mamoja. Watafiti wa Afrika Kusini waliwatenganisha kwa kuunganisha vipimo vingi kwa hesabu, hakuna kipimo kimoja kilichofanya kazi hiyo. Na si mchezo wa wasomi: coucha huugua tauni kwa urahisi, natalensis ni mstahimilivu zaidi, na huko Afrika Magharibi natalensis ndiye mwenyeji wa virusi vya homa ya Lassa. Hapa Tanzania anabeba virusi vya jamii hiyo hiyo, vya Morogoro na vya Gairo, ambavyo havijaonekana kuwadhuru watu, na kila kimoja kina ukoo wake wa panya kinaoshikamana nao. Kwa hiyo hata ndani ya panya shamba mmoja kuna koo.

#9 Kijana wa Nanyumbu

Nimekuelewa. Hizo hesabu za umbo zinafanywaje? Tuelezee kwa lugha yetu.

#10 Mwanafunzi wa Moro

Zamani walikuwa wanapima urefu na upana kwa venia na kulinganisha. Tatizo ni kwamba mafuvu mawili yanaweza kuwa na urefu sawa na upana sawa huku umbo likiwa tofauti kabisa, mmoja kafura nyuma, mwingine kafura kwenye mashavu.

Siku hizi tunapiga picha, kisha tunaweka alama kwenye sehemu ambazo kila fuvu linazo: ncha ya mfupa wa pua, makutano ya maungio fulani, mwanzo wa gego la kwanza, mwisho wa matundu ya kaakaa. Kila alama inakuwa na namba zake mbili za mahali. Kompyuta inachukua mafuvu yote, inayasogeza mpaka vitovu vyao vikutane, inayapandisha au kuyashusha mpaka ukubwa ulingane, kisha inayazungusha mpaka alama zikaribiane kadiri inavyowezekana. Kinachobaki hakikulingana ndicho umbo. Hapo unaona, kwa mfano, kundi moja pua zao fupi na vibonge vya mfupa wa sikio vikubwa, kundi jingine kinyume. Programu zenyewe ni za bure, tpsDig ya Rohlf kwa kuweka alama na MorphoJ ya Klingenberg kwa uchambuzi.

Sasa hapa naomba tusikilizane, kwa sababu wengi wanajikwaa hapa. Kulinganisha ukubwa hakufuti athari ya kukua. Mtoto wa panya ana kichwa cha mviringo na pua fupi. Akikomaa pua inarefuka na mashavu yanatanuka. Ukichukua watoto wengi wa kijiji kimoja na wazee wengi wa kijiji kingine, kompyuta itakuambia kwa uhakika kabisa kuwa una spishi mbili. Huna. Una watoto na wazee. Ndiyo maana tunapanga kwanza mafuvu kwa ulikaji wa magego, kisha tunalinganisha rika kwa rika.

Na picha nazo zina hila. Fuvu likiinama kidogo, umbo linabadilika. Liweke juu ya mchanga au udongo wa mfinyanzi, kaakaa iwe sawa na meza, kamera isimame wima na mbali kiasi, na rula ionekane pembeni. Simu iliyosogezwa karibu sana inavimbisha katikati ya picha.

#11 Mwindaji wa Liwale

Wataalamu, huku kwetu ndezi tunawajua wawili, mmoja mkubwa wa kwenye matete ya mtoni, mwingine mdogo wa nchi kavu. Wengine wanasema ni mmoja tu, huyo mdogo ni kijana. Mnasemaje?

#12 Mwalimu wa Masasi

Ndugu, umeona sawasawa. Ni spishi mbili. Yule wa matete ni Thryonomys swinderianus, mdogo ni Thryonomys gregorianus, na mkia wa huyu wa pili ni mfupi zaidi.

Kwa kichwa, mtazame kato za juu. Ndezi wote wana mifereji mitatu kwenye kila kato, kwa mbele. Kwa mkubwa mifereji hiyo imesogea upande wa ndani, kato zinapokutana, na sehemu ya nje imebaki laini. Kwa mdogo imetawanyika sawa upana wote wa jino. Kwa hiyo kijana wa ndezi mkubwa hawezi kukudanganya, mifereji yake iko palepale ndani. Huhitaji hata kutoa nyama, fungua mdomo tu.

Nimalizie kwa kitu kinachonifurahisha sana kwenye fuvu la ndezi. Mbele ya tundu la jicho kuna tundu jingine kubwa mno. Msuli wa kutafunia unapita humo ndani na kwenda kujishikiza usoni. Nungunungu yuko hivyo pia. Panya wa kawaida tundu lake ni dogo, juu limepanuka na chini limebanwa. Kindi lake ni dogo zaidi, halafu ana mwiba wa mfupa nyuma ya jicho ambao panya hana. Ukipewa fuvu gizani, kwa kidole tu unaweza kujua uko kwenye ukoo upi.

#13 Dada Ufuta

Mwalimu nimerudi. Nimechambua mabonge ya bundi wa ghalani, nimevaa glavu na kuziba pua kama mganga alivyosema. La kwanza: safu ya magego milimita 4.8, matundu ya kaakaa yameingia mpaka katikati ya magego, matuta ya juu hayaonekani vizuri, magego yamelika yamekuwa bapa. La pili ni dogo sana, gego la kwanza ni refu kuliko la pili na la tatu zikiunganishwa. La tatu limevunjika, meno yana ncha kali na sioni pengo.

#14 Mwalimu wa Masasi

Kazi safi sana dada. La kwanza ni panya shamba, tena mzee. Nimefurahi umetaja magego yaliyolika, kwa sababu mzee wa namna ile angekuwa ameshajenga matuta kama angekuwa panya wa nyumbani. La pili ni panya mdogo wa jenasi ya Mus. Hilo gego la kwanza lenye kuwapita wenzake wawili ndiyo alama yake. Kumtaja kwa spishi tutahitaji picha ya kato kwa ubavu, kwa sababu panya mdogo wa majumbani, Mus musculus, ana mkato mdogo nyuma ya ncha ya kato ya juu.

La tatu usilitupe. Angalia ubavuni kama kuna upinde wa mfupa wa shavu au dalili ya mahali ulipovunjikia.

Jambo moja tu: bundi anawinda mbali na anapolala, kwa hiyo panya shamba ndani ya bonge lake hamaanishi yumo ghalani mwako. Anaweza kuwa katoka mashamba ya jirani. Weka mtego wa kukamata hai ndani ya ghala, usiku huo huo weka mwingine ukingoni mwa shamba, ndipo tulinganishe.

#15 Dada Ufuta

Upinde hakuna, na hata mahali ulipovunjikia hapaonekani. Pako laini pande zote mbili.

#16 Mwalimu wa Masasi

Basi huyo ni kirukanjia. Mtie kwenye kifuko chake peke yake, andika tarehe na ghala kwa penseli kwenye karatasi iingie humo humo, maana wino unayeyuka. Mitego ukishaitega tuletee picha za kaakaa, rula pembeni.